Dakika Ishirini na Mbili za Jumapili

Jumapili, 3 Machi

Dakika ishirini na mbili! Kutoka getini kwetu mpaka mlango wa wodi ya wazazi. Mume wangu kaendesha, mimi nimeshika simu nahesabu, tumbo limenifika kidevuni. Barabara nyeupe. Gari hata la dawa hakuna.

Fomu ya mkunga inataka safari hii ipimwe siku ya kazi, asubuhi, watu wakienda makazini. Isizidi dakika thelathini. Ikizidi, mkunga hamzalishi mtu nyumbani, hata umpigie magoti. Kwenye nafasi ya siku nimeandika Jumatatu. Kwenye nafasi ya dakika, 22.

Mume wangu akachungulia. Akauliza, kwani leo Jumatatu? Nikamwambia ashughulike na friji za watu, fomu aniachie mimi. Fundi friji huyu! Akaenda kufunga geti. Afadhali angegomba.

Jumatano, 6 Machi

Mkunga kaja. Kapima presha, mkojo, tumbo. Mtoto kichwa chini, mapigo mazuri. Daktari naye wiki iliyopita alisema hana neno. Halafu mkunga akauliza: chumbani unataka awepo nani? Nikaangua kilio, mtu mzima mimi! Sikuwahi kuulizwa.

Miaka minne iliyopita, kwa huyu binti yetu tunayemwita Bosi, nilikaa kwenye benchi la korido mpaka nikashindwa kukaa. Nilipopiga kelele nesi mmoja akasema, mbona ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba hukupiga kelele? Wenzake wakacheka. Na mimi nikasema samahani. Nasukuma mtoto, naomba samahani! Uchungu wenyewe nimeshausahau. Ile samahani bado imenikaa kooni.

Siendi tena kule. Nimeapa.

Mkunga akaisoma fomu, akaikunja vizuri, akaitia mkobani. Ishirini na mbili, safi sana Mama Bosi, akasema. Nikajitia natafuta kijiko.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya mwisho kazini kabla ya likizo. Miaka sita nimekaa kwenye kiti kile, kampuni ya vifurushi, nawapangia madereva njia na saa. Leo dereva mpya kaniambia mzigo wa dawa ataufikisha hospitali kwa dakika ishirini. Nikamrukia. Ishirini ya wapi? Asubuhi hii? Andika arobaini, usinitie aibu kwa wateja!

Ofisi nzima ikacheka. Mimi nikageukia skrini yangu.

Alhamisi, 14 Machi

Mama mkwe kaja kukaa nasi hadi nijifungue. Nilijua vita imeingia ndani. Nikajipanga na hoja zangu zote: mkunga ana leseni, ana mwenzake, ana oksijeni, mimba yangu haina shida. Hakubisha hata moja! Tukakaa kitandani tunakunja nguo za mtoto.

Halafu, bila kuniangalia, akasema yeye kazaa nyumbani mara tano. Nikasema, unaona sasa Mama! Akasema, watoto wangu unawajua wangapi? Wanne, nikasema.

Wa tatu alikwama mabega. Walipompata mwenye gari, gari lilikuwa zima na dereva alikuwa mwema. Njia tu ilikuwa ndefu. Akaikunja fulana moja, akaikunjua, akaikunja tena. Sisi hatukuchagua, mwanangu, akasema. Wewe unachagua, basi chagua macho wazi. Sikukatazi.

Angenikataza ingekuwa rahisi. Ningekasirika, nikalala zangu.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwamsha mume wangu nikamwambia twende tukapime. Hakuuliza kupima nini. Saa moja na nusu asubuhi tumetoka getini.

Dakika arobaini na tatu. Kumi na moja kati ya hizo tumesimama nyuma ya lori la mchanga, natazama tairi lake. Nilikuwa najua. Dereva mgeni angekosea, mimi sikukosea. Nilichagua Jumapili kwa sababu naijua Jumatatu.

Tumefika wodini, hatukushuka. Nikampigia mkunga palepale. Nimekudanganya, nikasema, nikamweleza yote.

Kwa nini, Mama Bosi? akauliza.

Niliogopa utakataa.

Ningekataa, ndiyo. Akasema namba ile ndiyo anayoitazama damu ikizidi, mtoto akichelewa kulia. Siyo karatasi ya kumfurahisha mtu. Sauti ilikuwa ya hasira, na haki yake. Kisha akapumua. Uchungu ukianza Jumapili au siku ya mapumziko, nakuja kwako. Siku ya kazi tunakwenda hospitali, na mimi nakwenda na wewe. Nitasimama hapo hapo mpaka wanitoe kwa nguvu.

Nimelia njia nzima kurudi. Mume wangu kanipa kitambaa chenye grisi. Uso mzima mweusi.

Jumapili, 24 Machi

Umeanza! Saa nane mchana, nasuka nywele za Bosi. Jumapili! Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Mkunga kaja na mwenzake. Kitu cha kwanza kutazama si tumbo langu, ni saa ya ukutani. Kwa Bosi nilikaa saa kumi na nne. Nikikaa hizo hizo, ni saa kumi alfajiri. Magari huanza kujaa saa kumi na mbili. Tumekubaliana: saa kumi hiyo ya alfajiri ikifika mtoto hajatoka, tunaondoka, hata kama kila kitu ni shwari. Nimesema sawa. Safari hii nimesema kweli.

Mume wangu kageuza gari, limeangalia geti. Geti liko wazi. Anatoka, anaingia, anatoka.

Saa kumi na moja kasoro, jioni. Njia imefunguka sentimita nne. Pole pole mno! Mkunga hana wasiwasi, mimi ninao.

Limekuja wimbi moja kubwa la uchungu, nimepiga ukelele mpaka Bosi katimuliwa kwa jirani. Na mdomo wangu huu, wenyewe tu, ukasema samahani. Mkunga akashangaa. Samahani ya nini? Kabla sijajibu, mama mkwe akafoka kutoka jikoni: mwache apige kelele, si kwake?

Ni kwangu. Ni kwangu!

Saa kumi na moja na robo, jioni. Natazama ukuta, natazama geti. Mapigo ya mtoto mazuri. Mkunga kasikiliza tena, sasa kwa muda mrefu zaidi, kafumba macho. Simwulizi. Linakuja jingine, hili si la mchezo, kalamu namkabidhi mume wangu, ahesabu yeye dakika.