Mbuzi wa Mkweo na Kitanda cha Karavani

Lewisham, London

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, goti limetulia, na wale kuku wako wameacha kutagia jikoni kwa wifi. Sisi huku hatujambo. Neema ameng'oka meno ya mbele na anajivunia mapengo yake kama mtu aliyepewa cheo. Baba Neema naye ni mzima, ila mpaka majuzi alikuwa anakula amesimama kwa haraka ya kurudi uani, na mambo ya huko uani ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, simu yako unaiweka sauti kubwa mpaka jirani anaitikia salamu. Juzi uliponiuliza, "Huyu mbuzi aliyeletwa na mjomba wa mkwe wangu ni wa nini?" nilisikia mtu anakohoa nyuma yako, nikajua Mama Daudi yupo hapo anamenya viazi huku masikio ameyatega. Ndipo nikajifanya mtandao umekatika. Haukukatika, nisamehe. Habari za mbuzi yule si za kusemwa mbele ya Mama Daudi. Kwa hiyo barua nimempa dada mmoja wa kanisani anayekuja likizo Dodoma akufikishie mkononi. Vaa miwani, ingia chumbani kwako, na usimpe kaka Yona akusomee.

Nianze mwanzo. Unakumbuka nilipokuomba uje utusalimie, ukakataa. Ulisema: "Chumba kimoja na sebule? Mkwe wangu atapita wapi kwenda chooni usiku, na mimi nitapita wapi?" Nilicheka kwenye simu, lakini nilipopanda basi kwenda kazini nililia mpaka abiria wa pembeni akanipa tishu. Baba Neema hakucheka wala hakulia. Alisema mama ana haki, hata mama yake kule Kongwa asingekubali, na akanyamaza siku nzima. Yule mtu akinyamaza, ujue kuna kitu anapika.

Sasa kuna bibi mmoja wa Kihindi, Bi Jaya, alikuwa na duka la vyakula kule Tooting. Kwake ndiko nilikokuwa nafuata mihogo na unga tangu nifike nchi hii. Amezaliwa Dodoma, baba yake aliuza nguo karibu na stesheni, na Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kunishinda mimi kwa matusi. Amestaafu sasa, anakaa na mwanawe. Nyuma ya nyumba ya mwanawe palikuwa na karavani. Karavani, Mama, ni nyumba ndogo ya mabati yenye magurudumu, inavutwa na gari, watu wanaenda nayo kulala ufukweni wakati wa kiangazi. Hii ni ya zamani, imenizidi umri. Marehemu mumewe aliipenda kuliko gari lake. Mwanawe alitaka kuiuza kama vyuma chakavu. Bi Jaya akaniambia nikiwa nakunywa chai kwake: "Wewe chukua. Lakini mtu alale ndani. Nyumba bila mtu ndani ni kopo tu."

Nilipomwambia Baba Neema, alinitazama kama vile nimemtafsiria ndoto yake. Akauliza swali moja tu, mlango wake unafungukia upande gani. Hapo nikajua alichokuwa anapika. Tunakaa ghorofa ya chini, na pembeni kuna kiwanja chetu kidogo kilichojaa magugu na baiskeli mbovu. Mwenye nyumba hana neno mradi tusimzibie njia ya mapipa ya taka. Karavani ikikaa pale, mama mkwe atakuwa na nyumba yake, mlango wake na choo chake. Hatapita mbele ya chumba cha mtu, na hakuna mtu atakayepita mbele ya chake.

Ilipofika nilikata tamaa, nakwambia kweli. Ndani palinuka soksi zilizolowa. Kila kitu kilikuwa rangi ya kahawia, mpaka mapazia. Mbele, chini ya dirisha kubwa, kulikuwa na viti vimezunguka meza, na meza yenyewe inashushwa usiku, unapanga mito juu yake, inageuka kitanda. Katikati kulikuwa na jiko la gesi na kijichumba cha choo ambacho mtu mnene angeingia kinyumenyume. Nyuma kulikuwa na vitanda viwili vya kupandana, vyembamba kama rafu za duka. Baba Neema akasema meza ya kugeuka kitanda haifai kabisa, mama hawezi kula juu ya kitanda chake mwenyewe mbele ya wageni. Vya nyuma navyo havifai, mama si mwanafunzi wa bweni. Ikabidi tung'oe vyote.

Mama, mkweo hajawahi kutengeneza hata kigoda. Anafanya kazi stoo ya duka la nguo kule Stratford, anachojua ni kupanga maboksi. Lakini alijifunza kwenye simu, akiangalia wazungu wanavyokata plaiwudi, anarudisha nyuma, anaangalia tena. Kila alipotoka kazini aliingia uani na futikamba shingoni. Kabati la kwanza alilitengeneza likatoka zuri, ila droo yake ilifunguka ukifunga mlango na kufungwa ukifungua. Nilimwambia tuliache hivyo, ni la aina yake. Aliling'oa kwa hasira akaanza upya, na la pili likanyooka. Nilikuwa nampelekea chai na kukaa ngazini kumtazama, na nitasema wazi kwamba nilimpenda upya. Vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi, anapiga mluzi, ananiuliza kama mama anapenda kulala upande wa ukutani au wa nje.

Kitanda alikiweka nyuma, palipokuwa na vile vya kupandana. Kipana, cha mbao safi, na chini yake masanduku ya kuwekea nguo. Tukanunua godoro, nikalitandika shuka la maua. Kilipendeza, Mama. Neema akaitwa kuja kuona na akapiga makofi.

Jumapili iliyofuata tulitoka kanisani, tukala, mvua ikaanza kunyesha. Baba Neema akasema anaenda kuangalia kama bati linavuja. Nikaosha vyombo, nikamaliza, hajarudi. Nikamtuma Neema. Akarudi akikimbia na kusema, kwa Kiingereza chao: "Mummy, Daddy's in Bibi's bed."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia aseme kwa Kiswahili. Akasema Baba amelala kwenye kitanda cha Bibi, tena anakoroma.

Mama, nilitoka na kandambili mvuani. Nikamkuta mkweo amejinyoosha juu ya shuka la maua, viatu amevua kwa heshima, amevipanga vizuri mlangoni, amelala usingizi wa mtoto aliyenyonya. Alikuwa amejilaza kutazama dari kama linavuja, sauti ya mvua ikamchukua. Nilisimama pale sijui nilie au nicheke. Nikamgusa mguu. Alifumbua macho, akaniona mimi, akaliona shuka, na nikaona akili inamrudia polepole. Aliruka akagonga kichwa kwenye kabati lake mwenyewe. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama Neema, nimelala kitanda cha mkwe."

Nilijaribu kumtuliza. Nikamwambia hapa ni Lewisham, nani ameona, tubadilishe shuka yaishe. Akanijibu kwamba ameona yeye, na kwamba hawezi kumpokea mama wa watu uwanja wa ndege, akambebea begi, akamwonyesha kitanda akisema karibu mama pumzika, huku anajua. Nimekaa huku miaka mingi mpaka nikadhani miiko ya wakwe imeniishia, kumbe hata mimi ninayo bado.

Akampigia mjomba wake, Mzee Mathayo wa Kongwa. Mzee alicheka kwanza, akacheka sana, halafu akawa mkali. Alisema kitanda chote kitolewe, mbao mpya, godoro jipya, mahali papya. Mwenye kosa asikiguse hicho kipya kwa mwili wake. Na mbuzi aende kwa mama mkwe, tena asiwe kitoto, na yeye mwenyewe Mzee ndiye atakayempeleka. Ndiye yule uliyemkuta amefungwa kwenye mpera wako, na Mzee akakuambia tu kwamba ni heshima kutoka kwa mkweo. Ni heshima kweli. Sasa umeijua yote. Ukitaka kucheka cheka, mimi mwenyewe nimecheka mpaka mbavu zinauma, ila usimcheke mbele yake.

Bi Jaya nilipomsimulia alijifuta machozi kwa sari. Akasema dukani kwa baba yake waliwahi kuja wakwe wawili kununua blanketi, kila mmoja kaangalia ukuta wake, na baba yake akawa anapeleka maneno huku na huku kama tarishi. Godoro la kosa amelichukua mwanawe, linalaliwa na wageni wao.

Basi karavani ikageuzwa nzima. Palipokuwa na viti na meza, mbele chini ya dirisha kubwa, ndipo kilipo kitanda sasa. Palipokuwa na kitanda ndipo ilipo sebule yako, na viti vya watu wanne na meza isiyoshuka wala kugeuka kitu. Jiko limehamia upande wa pili. Choo kimepanuliwa, kimekula nafasi ya kabati la nguo, na mlango wake umegeuzwa, maana nilikuja kugundua kwamba ule wa zamani ulitazamana na dirisha la jikoni kwetu ambapo Baba Neema huosha vyombo. Nilivyomwambia alishika kichwa. Akapiga rangi nyeupe kote, mapazia nikashona mimi kwa vile vitenge ulivyonipa nilipoolewa. Nisamehe, vilikuwa vimekaa tu sandukuni. Sasa jua likiwaka asubuhi vinang'aa ndani humo mpaka unasahau uko London.

Ila kitanda cha pili, Mama, kimetengenezwa na mwanao. Mkweo alikata mbao kule nje kwenye majani, akazitoboa, akanipitishia dirishani moja moja. Kuziunga ilikuwa kazi yangu. Alisimama nje ananielekeza kwa kidole, skrubu ile, hapana, ile ndefu, kaza, usikaze sana, mpaka jirani wa juu akafungua dirisha kuuliza kama tumegombana. Mimi ninayegeuza wagonjwa hospitali kutwa nimeshika mashine ya kutobolea mbao! Nilipinda ubao mmoja, utauona, uko upande wa miguu. Godoro tuliliingiza mimi na Neema, yeye anasukuma kwa kichwa. Mimi ndiye niliyelala kukipima, maana binti yako ninayo ruhusa, na Neema akalala pembeni yangu kwa sababu mjukuu hakatazwi kitu.

Tulipokuwa tumelala pale aliniuliza kama Bibi ana miguu. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema kwenye simu huwa anaona paji la uso na dari tu. Mama, nilicheka, lakini neno lile limenikaa. Mtoto anakwenda darasa la tatu, na wewe kwake ni paji la uso. Anaelewa kila unachomwambia na anakujibu Kiingereza, na mimi ndiye nasimama katikati kama yule baba yake Bi Jaya dukani. Nataka akujue. Nataka akuone ukitembea na kukasirika na kusuka mkeka. Na mimi nakutaka kwa ajili yangu mwenyewe, nimekukumbuka vibaya. Sababu uliyonipa ilikuwa ya haki na tumeiondoa. Kama una nyingine niambie, mkweo bado ana mbao zimebaki.

Kiangazi ndicho kizuri, Juni au Julai, baridi imepungua na jioni jua halitaki kuondoka. Kila mtu aliyeingia uani anauliza ni lini mwenye nyumba hiyo ndogo anakuja, na mimi nawaambia nasubiri jibu lake.

Msalimie kaka Yona na wifi, na watoto wao wote. Msalimie shangazi wa Kibakwe, mwambie dawa ya mgongo nitamtumia. Wasalimie mama mchungaji na kwaya ya kina mama. Msalimie na Mama Daudi, na ukimgawia nyama ya mbuzi usimwambie ametoka wapi. Mzee Mathayo akipita tena, mpe shukrani zetu.

Mwisho kabisa, tikisa bahasha vizuri. Kitasa cha karavani ni kipya na kilikuja na funguo mbili. Siku tulipomaliza kutandika kitanda, Baba Neema alifunga mlango kwa nje akanikabidhi zote, akasema nikutumie, kwamba ni nyumba yako na huwezi kuwa na nyumba ambayo funguo zake anazo mkweo. Nilimwomba tubaki na mmoja. Akakataa kabisa. Dirisha la juu tumeliacha wazi kidogo lipitishe hewa, lakini kuingia hatuwezi tena, si mimi, si yeye, si Neema. Funguo zote ziko mkononi mwako sasa hivi.

Njoo utufungulie, Mama.

Mimi mwanao,
Rehema, mama yake Neema