Ngamia wa Sura ya Tatu

Zeyana mwanangu,

Chai iko kwenye chupa, chapati nimezifunika. Kula kwanza ndipo uiguse hiyo kompyuta.

Asubuhi nimekusikia ukimwambia mama yako kwamba unaacha uzamivu, maana kwa sura ya tatu ya tasnifu yako msimamizi wako anataka ushahidi wa ngamia arobaini wa babu yangu waliofika Tabora na msafara, wakiongozwa na mmoja kipofu. Ukasema, "Nitamwitaje baba yangu mwongo mbele ya watu?" Mimi nikajifanya nasoma gazeti.

~~Waambie nyaraka ziliungua moto.~~

Hapana. Ngamia hawakuwepo, mama. Siku ile uliponiwekea kinasa sauti na kuniita "Mzee Humaidi" kama mgeni, niliona haya kusema kwamba babu alikuwa mpishi tu wa msafara.

Nimetangulia Ntalikwa kwa shangazi yako Maram. Yeye dada yangu alilelewa na babu, na hajui kutia chumvi hata kwenye mchuzi. Anakusubiri saa kumi. Usisahau betri.

Nuna ukitaka, lakini masomo usiache. Andika kwamba nilidanganya, na jina langu uliweke kamili.

Baba