Namba Zilizotangazwa Kutoka Tangi la Maji

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, Soko la Juu, Bwera, Wilaya ya Kasese
Jina: Musimenta Ronah
Umri: miaka 17
Kazi: mwanafunzi, kidato cha tano
Makazi: bweni mjini Kasese wakati wa masomo, kwa shangazi yangu, Bwera, wakati wa likizo
Yameandikwa na: Sajini Onen

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa. Nimekuja kwa sababu shangazi yangu, Kobusingye Yayeri, amewekwa ndani tangu asubuhi akishukiwa kuwapigia ishara wafanya magendo walio ng'ambo ya mto. Ninamfahamu tangu nizaliwe. Si mtu wa ishara. Akiwa na neno na mtu, humwita kwa jina mpaka aitike.

Shangazi ni mkurugenzi wa kampuni ya akina mama wanaonunua chumvi Katwe na kuiuza hapa Bwera. Kampuni ina akaunti mbili benki, moja ya shilingi na moja ya dola. Kila mwezi shangazi husafiri hadi Kasese, akapanga foleni ili achapishiwe taarifa za akaunti, na siku hiyo duka hufungwa. Shuleni, mwalimu wetu wa kompyuta, Madam Nabasa, alitufundisha programu ya hesabu ambayo ukiiunganisha na benki, taarifa zinakuja zenyewe. Nilimweleza shangazi. Akauliza, "Zinakuja na nani?" Nikasema hakuna mtu, zinakuja zenyewe. Akasema, "Basi zilete."

Mnamo tarehe 14 Mei 2025, siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi, niliketi ofisini mwa kampuni na kuanza na akaunti ya shilingi. Niliandika jina la kampuni, jina la benki na namba ya akaunti, nikirudia kuisoma kama tulivyofundishwa. Mahali pa aina ya fedha, programu ilikuwa imejiwekea pauni za Uingereza bila kuuliza. Nilizitoa, nikaweka shilingi.

Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba benki imetuma namba ya siri yenye tarakimu sita kwenye simu ya mkurugenzi, na kwamba namba hiyo itakufa baada ya dakika mbili. Tuliitazama simu. Ujumbe ulioingia ulikuwa wa Kifaransa, ukitukaribisha Kongo.

Naomba kueleza kwa faida ya afande, ambaye amehamia hapa juzi. Ofisi yetu iko bondeni karibu na mto, na simu zote za bondeni hushikwa na mtandao wa ng'ambo. Mtu anaweza kuwa ameketi Uganda huku simu yake imekwenda Kongo. Ujumbe wa benki hufika jioni, ukiwa umekufa zamani. Kupigiana simu pia hakufai, kwa sababu hiyo hiyo. Kompyuta nayo hupata intaneti kwa waya wa ofisini, na haiwezi kupelekwa mlimani kwani betri yake imeharibika, inawaka ikiwa kwenye umeme tu.

Mahali ambapo mtandao wa Uganda unashika vizuri ni juu ya ngazi ya tangi la maji, mlimani nyuma ya soko. Shangazi alisema atapanda. Nilimkumbusha kwamba amevaa gomesi ndefu hadi miguuni. Akasema tangi halitazami nguo.

Kutoka kwenye tangi hadi ofisini sauti ya mtu mmoja haifiki. Shangazi akampanga Thembo, mwendesha bodaboda, kwenye kona iliyo chini ya tangi, na Proscovia, muuza chapati, kwenye jiko lake karibu na mlango wetu. Shangazi ataje, Thembo apokee, Proscovia anipe mimi. Nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu ujumbe wa benki huandikwa, "Usimwambie mtu yeyote namba hii." Nikasema, "Shangazi, tumekatazwa kumwambia mtu." Akanijibu, "Ronah, hatumwambii mtu. Tunamwambia Thembo."

Namba ya kwanza niliyoomba shangazi alipofika juu ya tangi imeshakufa bila kufanya kazi, kwa hiyo naweza kuieleza. Shangazi alianza vizuri. Kisha nikamsikia Thembo akiuliza, "Mama Yayeri! Iko sita ao iko saba?" Kwa mujibu wa Thembo, shangazi akajibu, "Iko sita, weye! Masikio yako iko ya nini?" Proscovia akapokea: "Sita! Moja! Chapati iko mia tano, baba, bila mayai. Tatu!" Mimi niliandika yote niliyoambiwa. Programu ikakataa.

Nikabonyeza kuomba namba ya pili. Zilifika tarakimu nne, kisha kimya. Nilitoka nje nikamuuliza Proscovia ziko wapi mbili zilizobaki. Akasema, "Thembo amepata abiria. Amekwenda nazo Mpondwe."

Thembo aliporudi, shangazi alimsemesha kutoka juu ya tangi maneno ambayo sikuyasikia vizuri, na ambayo hata kama ningeyasikia nisingeyaandikisha. Thembo akajibu, "Mama, mutu iko na haraka, nifanye je?" Akaahidi hatapakia mtu tena mpaka kazi iishe. Kuanzia hapo shangazi alitumia na vidole, ili Thembo asimuulize mara mbili. Nadhani ni vidole hivyo vilivyoleta shida.

Kwa namba ya tatu sikuona yaliyotokea mlimani. Ninaeleza nilivyoambiwa na Thembo, ambaye alikuwa karibu. Shangazi alipokuwa katikati ya namba, Konstebo Arthur alifika akiwa kwenye doria. Alimwona mwanamke juu ya tangi, ameelekea mpakani, anapiga kelele za tarakimu na kuinua vidole. Akaamuru, "Wewe mama! Shuka chini! Haraka!"

Shangazi akasema, "Afande, ngoja kidogo, imebaki mbili."

"Mbili gani?"

"Siwezi kukuambia. Ni siri."

Kisha akageukia bondeni akazitaja zote mbili kwa sauti kubwa. Hiyo niliisikia mwenyewe, bila Thembo wala Proscovia. Nadhani hata Kongo waliisikia. Niliandika, nikabonyeza, na kompyuta ikaandika kwamba akaunti imeunganishwa. Mara taarifa za miezi yote zikaanza kushuka zenyewe, moja baada ya nyingine, bila foleni. Nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu ofisini. Nilikimbia nje kumwambia shangazi kwamba zimekuja, nikamwona anapita mbele ya jiko la Proscovia akiwa amefungwa pingu. Aliniuliza neno moja tu: "Zimekuja?" Nikasema, "Zimekuja, Shangazi." Akaendelea kutembea.

Afande ameniuliza, kama maneno yangu ni ya kweli, nitaje namba ya tatu ili ailinganishe na tarakimu ambazo Konstebo Arthur aliziandika kwenye kiganja chake. Ninamheshimu afande, lakini namba hiyo siwezi kuitaja. Ujumbe unasema tusimwambie mtu yeyote, na haukusema isipokuwa polisi. Afande amesema soko zima linaijua. Nimejibu kwamba soko halikuijua kutoka kwangu.

Lakini ninaomba jambo moja. Akaunti ya dola bado haijaunganishwa. Simu ya shangazi iko hapa mezani, imeshikwa kama kielelezo. Afande akipanda tangi na simu hiyo, na mimi nikiwa ofisini, atajionea mwenyewe kama benki inatuma namba au haitumi. Ikiwa haitumi, mniweke ndani pamoja na shangazi. Ikiwa inatuma, naomba alale nyumbani leo. Hajala tangu asubuhi, na akina mama wote wamekuja ofisini wanangoja kuambiwa taarifa za benki huja na nani.

Nimesomewa haya yote na ndivyo nilivyosema. Niliomba neno "mtuhumiwa" katika jalada la shangazi lifutwe na mahali pake liandikwe "shangazi". Afande amekataa.

Sahihi: Musimenta Ronah
Saa nane mchana, 14/5/2025

MAONI YA MWANDISHI

Nilipanda tangi mwenyewe saa tisa alasiri. Konstebo Arthur nilimweka kwenye kona, kwa kuwa Thembo alikuwa amepata abiria. Ujumbe wa benki uliingia. Nilitaja tarakimu kwa sauti ya gwaride, Arthur akapokea, muuza chapati akapeleka. Tulishindwa mara ya kwanza kwa sababu ya mteja aliyetaka chapati ya mayai. Mara ya pili akaunti ya dola iliunganishwa. Nilisikia makofi kutoka bondeni, safari hii ya watu wengi.

Sioni kosa. Pingu zimefunguliwa, simu imerudishwa, na shangazi wa shahidi ameachiwa saa kumi. Namba sikumwambia mtu yeyote, isipokuwa Arthur.

Sajini Onen