Safu ya Sababu

Jumatatu, 5 Mei

Nimefika ofisi ya elimu saa moja na nusu. Mkuu wa ofisi bado. Nimefuta vumbi rafu za juu tu. Za chini ziko tupu tangu maji ya ziwa yalipopanda na kutulowanishia mafaili. Mafaili matatu ya walimu wapya nimeyafunga kwa kamba.

Saa nne akaja mzazi kutoka Kigwena. Elias, mkulima wa michikichi, mmoja wa waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania. Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo. Binti yake yuko darasa la tisa, mtihani wa taifa unakaribia, na hesabu wamefundishwa nusu kitabu. Anataka kujua mwalimu wa hesabu, Generoza, amekosa kazi siku ngapi tangu Januari. Swali la haki kabisa. Serikali inamlipa mwalimu, na watoto ni wa wazazi.

Nikafanya kama tunavyofanya siku zote. Nikageuza kitabu cha ruhusa palepale mezani, nikamwonyesha kwa kidole. Kitabu hicho kiko wazi hapo mwaka mzima. Kila mwalimu wa shule za komini yetu anakuja kusaini, na kila anayesaini anasoma mistari ya wenzake. Tarehe, jina, sababu, saini ya Mkuu, jina la mwalimu mbadala. Elias alikuwa ameshapita mistari minne ndipo nikakumbuka kilichomo kwenye safu ya sababu. Nimeandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri: █████████.

Nikafunga kitabu, vidole vyake vikiwa ndani. Akaniangalia, akaaga. Sijui kama aliona. Mjinga mimi.

Jumanne, 6 Mei

Sikulala vizuri. Kichwa kinauma.

Miaka tisa naandika sababu kamili. Aliyenifundisha kazi hii ndivyo alivyotaka: ugonjwa gani, hospitali gani, nani kafa, ndoa ya nani imevunjika. Sikuwahi kujiuliza mambo yote hayo yanamsaidia nani. Nilikuwa najisifu kwamba kitabu changu ndicho safi kuliko vyote.

Alhamisi, 8 Mei

Generoza amekuja kusaini ruhusa ya kesho. Anakwenda Bujumbura, kama kila baada ya wiki mbili. Kwa kuwa hakuna esansi ya magari, safari ya siku moja inakula siku mbili, wakati mwingine tatu.

Anasaini huku kiganja cha kushoto kimefunika mstari wake. Kwa muda mrefu nilidhani ndiyo tabia yake ya kuandika. Leo nimeelewa anafunika nini. Nimeona aibu. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikamtakia safari njema tu.

Ijumaa, 9 Mei

Elias karudi. Safari hii ana barua yenye saini za wazazi ukurasa mzima, nyingine za vidole gumba. Wanaomba nakala ya mahudhurio ya mwalimu wa hesabu. Mkutano shuleni ni Jumamosi ijayo, baada ya kazi za jamii. Wengine wanataka Generoza afukuzwe. Wanasema ni mvivu, wanasema ana duka Bujumbura. Elias alinieleza hayo bila kupandisha sauti. Hakuligusa suala la kitabu. Nami sikuuliza.

Barua nimeipeleka kwa Mkuu. Akasema ataiangalia. Nazijua ahadi zake hizo.

Jumatatu, 12 Mei

Mkuu alikuwa kwenye semina. Nikapata nafasi ya kukisoma kitabu chote tangu Januari, mstari kwa mstari. Sijawahi kukisoma hivyo. Kukijaza nakijaza kila siku, kukisoma ni jambo jingine.

Ruhusa za Generoza zote zina saini ya Mkuu. Zote. Hakutoroka hata siku moja. Na safu ya mwisho, ya mbadala, iko tupu kutoka juu mpaka chini. Kazi ya kutafuta mwalimu wa kushika darasa ni ya ofisi hii. Hatukumpeleka mtu hata mara moja. Watoto wa Kigwena wamekaa bila hesabu kwa sababu yetu, na mimi ndiye niliyekuwa naacha nafasi tupu na kufunua ukurasa mwingine.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwambia Mkuu nitatoa nakala yenye tarehe, saini ya ruhusa na mbadala. Sababu siitoi.

Akakataa. Nimeandika maneno yake hapa nisije nikayapunguza makali: “Mama Zaituni, weye unatafuta matatizo. Wape kitabu yote, wasome, ao usiwape kitu. Nusu ni kudanganya.”

Kwanza niliona ana hoja. Nilipofika kwenye ngazi nikaelewa. Akiwapa chote, watu watasoma safu ya sababu na hakuna atakayefika safu ya mwisho. Watamwimba Generoza mpaka Nyanza-Lac, na yeye Mkuu atakunywa chai yake. Asipowapa kitu, Generoza anabaki mvivu mwenye duka. Njia zote mbili anaumia mtu mmoja, na si Mkuu.

Sikubali. Nimeandika hilo kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya unga nikalitupa. SIKUBALI.

Jumatano, 14 Mei

Saa sita wenzangu walikwenda kula. Nikachukua rula, nikachora karatasi yenye safu tatu. Nikanakili kwa mkono. Mara mbili kalamu ilitaka kuandika sababu yenyewe, kwa mazoea. Nimechana, nimeanza upya.

Muhuri wa nakala uko kwenye droo yangu, ni kazi yangu kuupiga. Nikaupiga. Nakala moja nikaiweka mezani kwa Mkuu, ya pili nikampa Elias aliporudi saa tisa. Nikamwambia kilichomo na kisichokuwemo. Akakunja karatasi mara moja, akaitia ndani ya shati.

Mkuu amesema nitapata barua. Ninaogopa. Sijutii.

Alhamisi, 15 Mei

Kimya ofisini. Hakuna anayenisalimu kwa moyo. Nimekula ndagala na bugali peke yangu, na nimeshiba.

Jumamosi, 17 Mei

Kigwena. Nilikwenda nimebebwa kwa baiskeli ya kukodi, nikashukia shuleni na sketi imejaa vumbi. Watu walikuja na majembe yao moja kwa moja kutoka kwenye kazi za jamii. Generoza alikuwa ameketi karibu na dirisha, viganja viwili juu ya dawati, na Mkuu mbele kwenye kiti.

Elias alisoma karatasi yangu yote, tarehe baada ya tarehe. Kila tarehe: ruhusa ipo, mbadala hakuna. Ruhusa ipo, mbadala hakuna. Kufikia Machi watu walikuwa wameacha kumwangalia Generoza. Walikuwa wanamwangalia Mkuu, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi kwenye simu.

Kisha mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti: “Sababu iko gani? Huyu mwalimu iko mugonjwa ao iko mulevi?”

Generoza hakuinua macho. Elias akakunja karatasi polepole.

“Ruhusa aliomba, akapewa. Mbadala hakuletwa. Hilo ndilo letu sisi wazazi. Sababu ni yake mwalimu, tuiache.”

Mama yule akanung'unika, akakaa. Wakaingia kwenye la mbadala. Mkuu akaahidi mbele ya wote kwamba Jumatatu mtu atakuja.

Nje, Elias akanisindikiza mpaka zilipo baiskeli. Akaniambia kwa sauti ya chini: “Nilisoma, mama. Siku ileile ya kwanza. Hata mke wangu sijamwambia.”

Nililia njiani. Mwenye baiskeli akadhani ni vumbi.

Jumatatu, 19 Mei

Mbadala amefika Kigwena, kijana kutoka Kabezi. Atashika hesabu siku ambazo Generoza hayupo, mpaka mtihani.

Barua yangu ya onyo nayo imefika. Natakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini nilitoa nakala bila idhini. Nimejibu kwa mistari sita. Nakala ya barua inaingia kwenye faili langu, na anayetunza mafaili ni mimi. Nimeifunga kwa kamba yangu mwenyewe, fundo zuri. Mzazi yeyote akiuliza kama nimewahi kupewa onyo kazini, ajibiwe ndiyo. Hilo ni lake.

Jioni Generoza akapita. Akanishika mkono, akanishukuru. “Murakoze, dada. Lakini ile neno iko bado mu kitabu.”

Nikageuka kukitazama, kiko wazi mezani.

Alhamisi, 22 Mei

Kitabu cha serikali hakifutwi. Kukwangua neno ni kosa, na ni vizuri liwe kosa. Kwa hiyo nimekifunga. Nimeandika tarehe ya kufungwa, nikakitia kabatini, ufunguo uko kwenye kamba ya shingoni. Nimefungua kipya, na mistari nimechora mwenyewe. Tarehe, jina, ruhusa, mbadala. Barua ya sababu inakaa ndani ya bahasha iliyogundishwa, kwenye faili la mwenyewe.

Mkuu alipitisha kidole kwenye safu zote nne za kitabu kipya. Akasaini.

Jumapili, 25 Mei

Leo hakuna kazi. Nimefua. Mawingu hakuna, harufu ya ndagala zinazokauka imejaa uani.

Baada ya kula nimekaa na daftari hili nikalisoma tangu mwanzo wa mwezi. Nikafika tarehe tano. Neno lile la Generoza lilikuwepo. Nililiandika usiku ule bila kufikiri, kwa mwandiko wangu mzuri. Binti zangu wanajua daftari linakaa wapi.

Kitabu cha serikali siwezi kukifuta. Hiki ni changu. Nimechukua kalamu nyeusi, nimelipaka wino mpaka karatasi ikalowa, halafu nimegeuza upande wa pili nikahakikisha halisomeki.