Nitajie Rangi za Waya

Zainabu, mjukuu wangu,

Salaam nyingi kutoka Koboko. Mguu wa bibi yako umepata nafuu, na mbuzi amezaa pacha. Lakini barua yako imeninyima usingizi. Umeunguza bodi ya umeme ya darasa huko karakana ya Arua, mwalimu hajui bado, Jumamosi ni zamu yako tena kuwasha, na unaniuliza kama mkono unaotetemeka unaweza kuwa wa fundi.

Wangu haukutetemeka, na ndipo nilipoharibu. Nilipokuwa najifunza redio hapo Arua, fundi wetu alikuwa na sharti moja: usiunganishe betri mpaka mwenzako asimame kando, umtajie kila waya na rangi yake. Siku moja nikaona aibu kuita mtu. Nikaunganisha betri kinyume, moshi ukatoka, nikafunga kifuniko nikanyamaza. Mwenye redio, mama mmoja wa Ayivu, nikamwambia imebaki kidogo tu, arudi kesho. Akaja kesho yake, nikamwambia vilevile.

Siku ya tatu hakuulizia redio.

"Walitangaza redioni kifo ya kaka yangu," akasema. "Wamezika. Mimi sikusikia."

Ningesema kweli siku ile ya kwanza, angesikiliza kwa jirani.

Basi mwambie mwalimu wako yote, leo. Na Jumamosi, kabla hujawasha, nipigie simu. Macho yangu hayafiki huko, kwa hiyo nitajie waya mmoja mmoja, polepole. Huku nako mkono utakuwa unatetemeka.

Babu yako