Msingi wa Nyumba ya Mama

Kaka Rahim,

Shikamoo. Huku Mkuyuni tu wazima, na mguu wa Mama umepona. Sasa anatembea bila fimbo.

Jana tulimwaga zege la msingi kiwanjani Mkolani. Ule mwamba wa katikati tuliuchoma moto siku mbili ukapasuka, tukapata kokoto hapohapo. Mama alimsimamia fundi Mihayo kutwa nzima. "Nondo uzifunge vizuri," alimwambia, "humu nitalala mimi."

Kaka, ulinionya kuhusu ukuta wa nyumba ya zamani, nikapuuza. Tangu ukuta huo ulipomwangukia Mama wakati wa mvua na kumuumiza mguu, mvua ikianza tu hutoka nje na kusimama uani, akilowa mpaka ikatike. Niliona aibu kukuandikia.

Leo asubuhi imenyesha mvua kubwa. Nilichukua mwavuli nimfuate uani, sikumkuta. Alikuwa ndani, jikoni, anamenya viazi.

"Mama, leo hutoki?"

"Niende wapi? Acha inyeshe, inamwagilia zege letu."

Nikachukua kisu, nikakaa karibu yake, tukamenya pamoja.

Mdogo wako, mwenye moyo mwepesi leo,
Shamsia