Funda la Kwanza

Jumatatu, 4 Agosti

Mahamri mawili, mbaazi za nazi, chai ya tangawizi. Kibanda kile kile cha Marikiti, saa moja asubuhi. Mbaazi hizi zinashinda kiamsha kinywa cha hoteli yoyote ya kisiwa hiki. Nimeandika hivyo mara nyingi, nitaandika tena.

Mhariri anataka makala wiki ijayo: vyakula na pombe za Pwani za kutafutwa na wasafiri wa likizo ya Agosti. Anaiogopa sehemu ya pombe. Basi nitaanza nayo.

Kesho Rabai. Sijafika tangu kaka yangu Kazungu afe. Mazishini sikwenda. Nilikuwa na hasira naye, na kifo hakikuipunguza.

Jumanne, 5 Agosti

Wifi Kadzo, mjane wake, ndiye anayeuza tembo la mnazi sasa, pale pale mangweni, kilabu chao cha mabenchi chini ya makuti nyuma ya nyumba. Sima, mboga ya mchunga iliyopikwa kwa tui, papa mkavu. Uchungu wa mchunga ndio hasa wa kufuatia. Tembo la asubuhi, jepesi, bado lina povu na utamu. Bia ya chupa ukiiweka kando yake ni maji ya kusuuzia bati. Niliyaandika hayo papo hapo, gotini.

Halafu Kadzo akanijazia kata na kusimama. Wanywaji wakanigeukia. Kwetu funda la kwanza humwagwa chini, la koma, wafu wa ukoo. Desturi hiyo niliishambulia gazetini miaka sita iliyopita. Niliiita kodi ambayo maskini huwalipa watu wasioonekana. Kazungu alikuwa mgema. Alisomewa makala ile kwenye benchi lile, watu wakacheka. Hakusema nami tena. Februari mwaka huu akaanguka mnazini.

"Wifi, hujammwagia kaka yako."

"Aliyekufa hanywi."

"Haya. Kunywa wewe."

Nikanywa yote. Sikuona ladha yake.

Jumatano, 6 Agosti

Mji wa Kale, kahawa chungu na halua. Wanaume wa benchini walinipisha kama niliyebeba kaa la moto. Wamezoea ulimi wangu. Kikombe kilikuja kimepungua. Nikamwambia muuzaji kwamba mgeni ataibiwa hivyo mara moja tu, harudi.

"Nimekutilia mpaka ukingoni, dada. Wewe ndiye mwenye kiu."

"Sijagusa."

"Basi kimekunywa kikombe chenyewe," akasema mzee mmoja. Wakacheka.

Cha pili pia. Cha tatu nilikikazia macho. Niligeuka kumjibu yule mzee tu. Nilipokirudia, kilikuwa chini ya ukingo, na ukingo una unyevu mahali pamoja. Pa upana wa mdomo.

Nimelipa, nimeondoka. Nilikosea kumwita mwizi. Sikumwambia.

Alhamisi, 7 Agosti

Viazi karai na chatini ya ukwaju. Vizuri. Chakula hakiguswi. Ni vinywaji tu.

Dafu karibu na Ngome ya Yesu. Dafu halijazwi na mtu, nikasema, hapa hakuna hila. Muuzaji alilitikisa, akalikata mbele yangu, akachungulia. Akaniomba samahani, akakata lingine. Hilo nalo lilikuwa limepungua. "Lilikuwa zito hili," akasema, akilipima mkononi. Hakutaka pesa. Wala hakutaka nisimame pale zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyumbani Tononoka. Sitashindwa na glasi ya maji.

Nimeweka alama kwa kalamu ya wino, nimejaza mpaka alamani. Saa nne asubuhi, jua tele, mlango umefungwa. Nikakaa mbele yake. Nilizitafuta sababu zote: ufa, joto, umri wangu. Ukomo wa hedhi una vituko vingi lakini haunywi maji.

Dakika ishirini, bila kitu. Jirani akagonga kuuliza kama umeme umekatika kwangu pia. Nikasema ndiyo, bila kugeuza shingo. Nikapepesa macho.

Chini ya alama. Funda moja, si zaidi. Meza kavu.

Makala haiendi. Nimeandika aya tatu juu ya tembo, nimefuta tatu.

Jumamosi, 9 Agosti

Chai. Niliitoa jikoni ikichemka, nikaenda kuleta sukari. Nikaikuta imepungua, mvuke bado unapanda. Ndipo nikakumbuka.

Nilikuwa na miaka mitano, Kazungu tisa. Mama akishamimina chai, yeye hukichukua kikombe changu na kunywa funda la kwanza, isije ikaniunguza. Mimi hulia kwamba ananiibia. Kila asubuhi. Nilikuwa mgomvi tangu hapo.

Nimeogopa. Nimeogopa na nimekunywa iliyobaki.

Jumapili, 10 Agosti

Makala itakwenda kesho. Tembo la Rabai liko juu kabisa, mchunga wa pili, mbaazi za Marikiti za tatu. Nimeongeza sentensi moja: mgeni akipewa kata mangweni, funda la kwanza amwage. Sababu sikuiandika. Wanaonichukia watafurahi sana. Wafurahi.

Nilifika Rabai asubuhi kabla ya wanywaji. Kadzo hakuuliza kitu. Alijaza kata, akanionyesha kaburi la Kazungu kwa kidevu, akarudi kufagia. Nikamwaga. Si funda, kata nzima. Nilimwambia niliyopaswa kumwambia miaka sita iliyopita, na hayo siyaandiki hata humu.

Mchanga ukanywa upesi.

Kadzo akanijazia nyingine. Nikaiweka juu ya benchi, nikageuka makusudi kuitazama minazi. Nikahesabu mpaka mia. Nilipoirudia, ilikuwa imejaa, povu limefika ukingoni.

Nikahesabu tena. Mia mbili.

Haikupungua. Nilikaa pale mpaka povu likaisha lenyewe, nikingoja ipungue.